Kabla ya kuuliza inchi ngapi: kuchagua strati za kunyanyulia Prado, V8 na wenzake

Ukiingiza Prado kwenye gereji yoyote ya Unga Limited au Sakina, hapa Arusha, ukasema unataka kuinyanyua, swali la kwanza utakalopigwa ni, "Inchi ngapi, bosi?" Wengi hujibu bila kufikiri. Mbili. Au tatu, kwa sababu gari la fulani lina tatu na linapendeza likipaki. Pesa huanza kupotea hapo hapo. Strati huchaguliwa kwanza kwa uzito ambao gari linabeba siku zote, halafu kwa joto ambalo shokapu itapata kwenye barabara unazopita. Ukishayajua hayo mawili, suala la inchi linabaki dogo, na mara nyingi jibu lake ni pungufu ya ulilokuwa nalo kichwani.

Lakini kabla ya hayo, hakikisha gari lako lina strati. Mji huu una magari ya kila namna, na ushauri unaolifaa moja huliharibu jingine. Prado 120 na 150, V8 (yaani Land Cruiser 200), Fortuner na Hilux za miaka ya karibuni zina magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Kila gurudumu limeshikwa na aamu mbili, yaani mikono ya chuma, ya juu na ya chini, na kati yao imesimama strati: shokapu iliyovikwa springi ya koili, juu imefungwa kwenye chesisi, chini kwenye aamu ya chini. Nyuma magari haya hayana strati. Kuna ekseli nzima, na springi na shokapu zimekaa kila moja mahali pake.

Mkonga wa kubeba wageni, zile Land Cruiser 76, 78 na 79, hauna strati hata moja. Tangu 1999 mbele una ekseli nzima yenye springi za koili, na nyuma una springi za vyuma bapa vilivyopangana. VX ya zamani, ile Land Cruiser 100, nyingi zake hazina hata koili mbele. Zinabebwa na vyuma virefu vinavyosokotwa, ndiyo maana fundi anaweza kuinyanyua kwa spana tu bila kununua chochote. Na Harrier, RAV4, X-Trail au Forester zina strati za mfumo wa MacPherson, jina la mhandisi Mmarekani Earle MacPherson, ambao ulienea baada ya kufungwa kwenye Ford za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kwenye mfumo huo aamu ya juu haipo kabisa. Strati yenyewe ndiyo inayolisimamisha gurudumu na kugeuka nalo usukani unapokatwa, kwa hiyo nafasi ya kunyanyua ni finyu na kosa dogo linaonekana kwenye matairi ndani ya wiki chache. Nitakayosema kuanzia hapa yanahusu kundi la kwanza, Prado na V8 hasa, ingawa habari za joto zinamhusu kila mwenye shokapu.

Jambo jingine la kuondoa mapema: watu wengi wananyanyua ili difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli, isigonge mawe. Kwenye ekseli ya nyuma ya Prado, strati na springi haziipandishi difu hata milimita moja. Difu imekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye magurudumu. Ukinyanyua springi unapandisha bodi na chesisi, difu inabaki pale pale ikikungoja. Kinachoipandisha ni tairi kubwa zaidi, na inapanda nusu tu ya ongezeko la kipenyo. Kunyanyua kuna faida zake za kweli: bampa haligusi unapoingia korongo, tumbo la gari halikwanguliwi kwenye matuta, tairi kubwa linapata nafasi, na gurudumu linapata mwendo mrefu wa kupanda na kushuka. Ila kama shida yako ni difu, nenda kwa muuza matairi.

Uzito kwanza

Ndani ya strati kuna kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Springi inabeba uzito. Shokapu haibebi; yenyewe inazuia springi isiendelee kuruka baada ya kubonyea. Gari likiwa limelala mbele kwa sababu ya bampa la chuma, shokapu mpya, hata iwe ghali namna gani, hailiinui kwa maana. Na gari likiwa linadundadunda, springi ngumu zaidi italifanya lidunde zaidi, kwa sababu sasa shokapu iliyochoka inapambana na springi yenye nguvu kuliko ile ya kwanza.

Kuelewa kiasi gani cha springi kinahitajika, lazima uelewe aamu ya chini. Inafanya kazi kama mlango: ukisukuma karibu na bawaba kidogo tu, ukingo wa mlango unakwenda mbali. Strati imefungwa sehemu za katikati ya aamu, gurudumu liko mwisho wake. Kwa hiyo sentimita moja kwenye strati ni karibu sentimita mbili kwenye gurudumu. Ndiyo sababu spesa, kipande kinachowekwa juu ya strati kuongeza kimo, yenye unene wa milimita 25 hulinyanyua gari karibu milimita 50. Muuzaji akikwambia spesa ni ya inchi mbili, muulize: unene, au gari litapanda inchi mbili? Tofauti ya majibu hayo ni tofauti kati ya gari zuri na sivi jointi, yale maungio ya shafti za magurudumu, zilizokatika.

Uwiano huo una athari nyingine isiyoonekana kwa macho. Tuchukue namba rahisi. Springi ina ugumu wa newton 100 kwa kila milimita, na strati imefungwa nusu kamili ya aamu. Kwenye gurudumu ugumu unaosikika hauwi 50 bali 25, kwa sababu nusu inaingia mara mbili: nguvu inagawanywa, na mwendo nao unagawanywa. Sasa funga bampa la chuma la kilo 75 na winchi ya kilo 35. Jumla kilo 110, karibu newton 1,080, nusu kila upande. Gawanya 540 kwa 25 na unapata karibu milimita 22. Gari limeshuka zaidi ya sentimita mbili, na kwa kuwa mzigo wenyewe unaning'inia mbele ya ekseli, litashuka zaidi ya hapo. Kama ulinunua seti ya "inchi mbili" iliyotengenezwa kwa gari lisilo na bampa, karibu nusu ya ulichokilipia kimekwisha siku ya kwanza. Halafu unarudi kwa fundi kumlaumu.

Ndiyo maana kampuni zenye uzoefu haziuzi springi kwa inchi peke yake. Orodha zao zimepangwa kwa mzigo: springi hii ni ya gari tupu, hii ni ya bampa, hii ni ya bampa na winchi. Zote zinalenga kulifikisha gari kwenye kimo kile kile, kila moja kwa mzigo wake. Ukichukua ya bampa na winchi ukaifunga kwenye gari lisilo na hivyo, mbele itasimama juu mno, itakuwa ngumu kama toroli, na gurudumu halitakuwa na nafasi ya kushuka kwenye shimo kwa sababu tayari liko karibu na mwisho wa mwendo wake.

Kwa hiyo chukua karatasi uandike vitu ambavyo havishuki kwenye gari. Bampa, winchi, betri ya pili, keria ya chuma, hema la juu, tairi la pili la akiba, tangi la ziada. Dizeli ina uzito wa kama kilo 0.84 kwa lita, maji kilo moja kwa lita. Dumu la lita 20 la maji na la dizeli tayari ni karibu kilo 37 bila madumu yenyewe. Ukifahamiana na mwenye ghala la mazao lenye mizani ya magari, pima mbele peke yake na nyuma peke yake, gari likiwa na vitu vyake vya kila siku. Namba hizo mbili zitakusaidia kuliko saa nzima ya ushauri wa kijiweni.

Tenganisha mzigo wa siku zote na mzigo wa msimu. Mtu wa Njiro ambaye gari lake linabeba watoto wa shule miezi kumi na moja, halafu Desemba anajaza familia na mabegi kwenda Rombo au Kibosho kuhesabiwa, na anarudi na mikungu ya ndizi mpaka kioo cha nyuma hakionyeshi kitu, huyo hahitaji springi ngumu za nyuma. Akizifunga, atateseka mwaka mzima kwa ajili ya wiki mbili. Kwa watu wa namna hiyo kuna mifuko ya upepo inayoingizwa ndani ya koili za nyuma. Unaijaza ukibeba, unaitoa upepo ukishusha. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na seti nzima, na sielewi kwa nini gereji zetu hazikipendekezi mara nyingi zaidi.

Spesa, kola na strati ya kweli

Njia tatu zinatumika kuinua mbele ya Prado, na kwa mbali zinafanana.

Ya kwanza ni spesa inayokaa juu ya strati, kati yake na chesisi. Ni rahisi, haihitaji hata kufungua springi, na kwa milimita chache inakubalika, hasa kusawazisha gari lililoinamia upande mmoja. Tatizo lake ni kwamba strati nzima imesukumwa chini. Gurudumu likining'inia, linaning'inia chini kuliko kiwanda kilivyokusudia, kwa hiyo boli jointi (maungio ya aamu na gurudumu) na sivi jointi zinafika mwisho wa pembe zao. Gurudumu likibonyea hadi juu, shokapu inafunga ndani kwa ndani kabla raba ya kuzuia mgongano haijaguswa. Pistoni inapiga chini ya silinda. Fanya hivyo mara kadhaa kwenye makorongo ya njia ya Ziwa Natron na utaona oili ikishuka kwenye strati.

Ya pili ni kuikaza springi iliyopo: ama kwa kipande kinachowekwa ndani kati ya springi na kikombe chake, ama kwa strati yenye kola ya kuzungusha. Watu huamini kola ikipandishwa springi inakuwa ngumu. Haiwi. Springi ya newton 100 inabaki ya newton 100. Kilichobadilika ni mahali gari linapopumzika. Urefu wa strati ikiwa imenyooka kabisa haujaongezeka, kwa hiyo kila milimita uliyopata kwenda juu umeikopa kwenye mwendo wa kushuka. Ukizidisha, gari linagota kila likivuka tuta, "ko", mlio wa chuma kwa chuma, na madereva wengi hudhani ni mauntini, kile kikalio cha juu cha strati. VX 100 iliyokazwa vyuma vyake vya kusokota kwa spana ina tabia hiyo hiyo kwa sababu hiyo hiyo.

Ya tatu ni strati iliyotengenezwa kwa ajili ya kunyanyua: mwili wake umerefushwa kwa kiasi, springi yake imekokotolewa kwa mzigo na kimo kipya, na vali za shokapu zimepangwa ziendane na springi hiyo. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu anayetoka mjini mara kwa mara. Ni ghali, na bado si lazima uinunue ikiwa imeshafungwa tayari. Fundi mzuri anaweza kuunganisha shokapu na springi ulizochagua mwenyewe, mradi ana kikandamizi cha springi kilicho salama. Springi ya Prado iliyokandamizwa ina nguvu ya kuua mtu. Ukiona fundi anaibana kwa waya au mnyororo, chukua gari lako uondoke, hata kama ni ndugu.

Joto

Lami ya kutoka Arusha kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu inaishia lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro. Kuanzia hapo, kupanda ukingo wa kreta, kushuka tambarare, lango la Naabi la Serengeti mpaka Seronera, ni changarawe na vijituta vya mfululizo. Shimo kubwa linatisha, ila shokapu huuawa na vijituta hivyo. Piga hesabu: tuseme vijituta vipo kila sentimita 70, na unakwenda kilometa 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho unaoruhusiwa Serengeti. Hiyo ni karibu mita 14 kwa sekunde, yaani mapigo 20 kila sekunde, mapigo 72,000 kwa saa moja, kwa kila gurudumu.

Kila pigo, pistoni inasukuma oili kwenye matundu madogo ya vali. Nguvu iliyokuwa ikilirusha gurudumu haipotei. Inageuka joto ndani ya oili. Shokapu basi ni mashine ya kugeuza mtikisiko kuwa joto, na uwezo wake unategemea oili ni kiasi gani na joto linatoka haraka kiasi gani. Oili ikichemka inakuwa nyepesi. Ikichanganyika na hewa inakuwa povu, na pistoni ikipita kwenye povu haipati upinzani. Dereva anahisi gari limeanza kuelea, mkia unateleza kwenye kona ambayo asubuhi aliipita vizuri. Akisimama Naabi, wageni wakashuka, gari likapoa, shokapu inarudi kuwa nzima. Ndiyo sababu mtu anaweza kukuapia shokapu zake hazina tatizo: gereji huwa anazipeleka zikiwa baridi.

Namna ya kutambua ni rahisi. Ukisimama baada ya kipande kirefu cha njia mbovu, sogeza mkono karibu na kila shokapu bila kuishika, maana inaunguza. Zote nne zinatakiwa ziwe na joto linalokaribiana kwa kila ekseli. Iliyo baridi ndiyo iliyokufa. Haifanyi kazi, mwenzake anafanya ya wawili. Kipimo cha kukandamiza boneti kwa mikono ukaona gari linarudi mara ngapi hakifai kwa magari mazito ya namna hii. Kinakuonyesha shokapu iliyokufa miezi sita iliyopita.

Sasa, miundo. Shokapu ya mirija miwili ina silinda ya kazi ndani ya silinda ya nje. Oili inapita kati yao, na juu kuna gesi ya naitrojeni yenye shinikizo dogo kuzuia povu. Ikigongwa na jiwe kwa nje, mara nyingi inaendelea kufanya kazi. Nitrocharger za Old Man Emu, chapa ya kampuni ya ARB ya Australia, ni za kundi hili. Ndani ya familia hiyo kuna zenye sponji maalumu mahali pa gesi, kama zinazotengenezwa na Tough Dog na Ironman, nazo za Australia. Sponji inafanya kazi ya gesi bila kuchanganyika na oili, na shokapu hizi kwa kawaida ni nene, zina oili nyingi.

Muundo wa mrija mmoja una pistoni ya kazi na pistoni nyingine inayoelea, ikitenganisha oili na naitrojeni yenye shinikizo kubwa. Ulibuniwa na Mfaransa de Carbon, na Bilstein ya Ujerumani iliufikisha kwenye magari ya Mercedes-Benz mwaka 1957. Ukuta wa silinda unagusana na hewa ya nje moja kwa moja, kwa hiyo joto linatoka haraka, na povu ni nadra. Udhaifu wake ni huo huo ukuta: jiwe likiubonyeza, pistoni inakwama. Kwenye strati udhaifu huo si mkubwa sana, kwa kuwa springi inaukinga mwili, ingawa springi hiyo hiyo nayo inapunguza upepo unaopoza.

Kwa gari linalokwenda Serengeti au Natron mara kwa mara, mimi ningechagua kipenyo kikubwa na oili nyingi kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Vitufe vya kurekebisha ugumu ni vizuri kwa mtu anayevielewa na anayevisafisha. Vumbi la Ndutu lina namna ya kuingia kila kona, na kitufe kisichozungushwa mwaka mzima huwa hakizunguki tena. Chupa za oili za pembeni, zile zinazoning'inia na bomba lake, zina faida ya kweli kwenye joto. Kwa gari la Moshi mjini linalopanda Machame na Marangu kwa lami, ni mapambo tu. Huyo anunue shokapu za kawaida za KYB za kimo cha kiwanda, abakize pesa ya ada.

Na kabla ya kununua shokapu ya bei ya juu, punguza upepo wa matairi ukifika changarawe. Tairi laini linameza sehemu ya kila pigo kabla halijafika kwenye pistoni. Ni bure, na pampu ya umeme ya kurudishia upepo si ghali. Madereva wa watalii wa siku nyingi wanajua hili. Vijana wa mjini wenye Prado zinazong'aa ndio hawaamini.

Inchi, sasa

Kwa Prado na V8, milimita 40 hadi 50 juu ya kimo cha kiwanda ndipo ninapoweka kikomo bila kubadilisha vitu vingine. Ukivuka hapo, shafti za mbele zinakaa kwenye pembe kali, mipira ya sivi jointi inasuguana na kupasuka, na vumbi likiingia ndani jointi haina muda mrefu. Wengine hushusha difu ya mbele kwa vipande vya chuma kupunguza pembe. Inasaidia kidogo, lakini umenyanyua gari ili kupata nafasi chini, halafu umeishusha difu ile ile.

Kuna pembe nyingine, ya kasta, inayolifanya gari lijirudishe lenyewe kwenda mbele na kunyooka ukiachia usukani. Kunyanyua kunaipunguza. Gari lenye kasta ndogo linatangatanga kwenye lami, dereva anasahihisha kila sekunde kutoka Boma Ng'ombe mpaka Usa River, na anafika akiwa amechoka bila kujua kwa nini. Bolti za kurekebishia kwenye aamu ya chini zinaweza kurudisha kasta hiyo kwa kiasi fulani. Zaidi ya hapo unahitaji aamu mpya za juu zilizotengenezwa kwa gari lililonyanyuliwa. Na hapa kuna mtego wa magari yetu yaliyotumika Japani: yaliyotoka mikoa ya theluji ya kaskazini, ambako barabara humwagiwa chumvi, huwa na bolti hizo zimeshikwa na kutu kiasi kwamba hazizunguki. Mwambie fundi ajaribu kuzilegeza kabla hujalipia strati. Kama haziwezi, bajeti yako imebadilika.

Japani imetuletea mtego mwingine. Prado za daraja la juu, kama TZ-G, zina shokapu zinazoongozwa kwa umeme na nyuma zina mifuko ya upepo badala ya koili. Ukiweka strati za kawaida, taa ya onyo itawaka kwenye dashibodi na mfumo utajizima. Gari litatembea, lakini ujue unaacha nini, na nyuma utahitaji springi na vikalio vyake. TX nyingi hazina matatizo hayo. Baadhi ya Prado 150 na V8 zina stabilaiza (vyuma vinavyozuia gari lisilale kwenye kona) za haidroliki zilizounganishwa mbele na nyuma. Hizo zinyanyuliwe na fundi anayejua kufungua vali zake na kuzifunga gari likiwa limesimama sawa. Akikosea, gari linainama upande mmoja na hakuna springi itakayolinyoosha.

Nyuma, watu wanasahau vitu viwili. Ekseli imeshikwa isiyumbe na panadi rodi, chuma kimoja kinachotoka chesisi upande huu hadi ekseli upande ule. Ukinyanyua, chuma hicho kinaivuta ekseli pembeni milimita kadhaa. Kwa inchi mbili inavumilika, zaidi ya hapo weka rodi inayorekebishika. Cha pili ni breki. Baadhi ya Prado 120 na Hilux zina vali ya breki ya nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kijichuma. Ekseli ikiwa mbali na chesisi, vali inaamini gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Umenyanyua gari, umelipakia watu saba, unashuka Seneto kuingia kreta, na vali inafikiri uko peke yako. Kijichuma hicho kinatakiwa kusogezwa kwa kiasi ulichonyanyua. Muulize fundi, akishangaa, tafuta mwingine.

Dukani na chini ya gari

Springi iliyotumika naweza kuinunua, ikiwa ni jozi, haina kutu ya kula chuma na zote mbili zina kimo kimoja. Shokapu iliyotumika, hapana, hata ikitoka Dubai kwenye boksi zuri. Sili imeshachakaa na hakuna wa kukuambia ilitembea wapi. Kwenye mpya, angalia namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, siyo kwenye boksi, uilinganishe na orodha ya kampuni kwa gari na mwaka wako. Strati za kushoto na kulia za baadhi ya magari hazifanani, na springi ya upande wa dereva wakati mwingine hurefushwa kidogo kwa kuwa upande huo hubeba zaidi.

Nunua mauntini za juu mpya pamoja na strati. Kurudisha za zamani ni kujitafutia kazi mara mbili.

Kosa la kufunga linaloharibu kazi nyingi nzuri ni la bushi, zile raba za kwenye maungio ya aamu. Fundi anafunga aamu gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, anakaza bolti zote kwa nguvu. Bushi za raba zinabanwa zikiwa kwenye pembe hiyo ya kuning'inia. Gari likishushwa, raba tayari imesokotwa, na inaishi hivyo mpaka inapasuka. Bolti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, uzito wote ukiwa chini. Inachukua dakika chache zaidi na kulala kwenye vumbi chini ya gari, ndiyo maana wengi huiruka.

Pima kimo kabla na baada, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake. Usipime kutoka ardhini, upepo wa tairi utakudanganya. Springi mpya hukaa na kushuka kidogo katika kilometa mia kadhaa za kwanza, kwa hiyo alaimenti hufanywa mara mbili: siku ya kufunga, na tena baada ya kama kilometa 1,000, pamoja na kukaza bolti zote upya. Siku hiyo ya pili washa taa ukutani usiku, uone zinapiga wapi. Gari lililoinuka mbele linammulika dereva anayekuja kwenye macho, na barabara ya Moshi ina malori ya kutosha usiku bila wewe kuwapofusha wenzako.